Tiketi ya safari moja au pasi ya muda? Hesabu kwa mfanyabiashara wa Busia na Tororo anayezuru miji mingi kwa siku chache

Mfanyabiashara anayetoka Masafu kwenda Kisumu, Nairobi na Mombasa ndani ya juma moja huanza na swali la nauli. Je, ipo pasi ya reli ambayo mtu hulipia mara moja, kisha akapanda na kushuka atakavyo hadi safari imalizike? Swali hili huulizwa zaidi na wale waliokwisha kusafiri Ulaya au Japani kutafuta bidhaa na magari, ambako pasi za namna hiyo zinauzwa. Kwa upande wa mpaka wa Uganda na Kenya jibu ni hapana. Hata hivyo, hesabu inayotumika kupima pasi ya reli inafaa pia kupima vitu vingine vinavyolipiwa kwa muda, kuanzia bima ya gari hadi dhamana ya forodha. Makala hii inaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, pamoja na mahali inapomfaa mchuuzi, dalali na mwenye lori.

Kwa kifupi

- Hakuna pasi ya reli inayouzwa kwa safari za Uganda na Kenya. Kila safari ina tiketi yake.
- Reli inavuka mpaka Malaba, haivuki Busia. Hakuna treni ya abiria inayovuka mpaka.
- Kati ya Nairobi na Mombasa treni inaweza kumfaa mfanyabiashara, hasa anapokwenda akiwa hana mzigo.
- Pasi yoyote ya muda inafaa pale tu idadi ya safari zenye uhakika inapozidi bei ya pasi ikigawanywa kwa gharama ya safari moja.
- Kwa msafirishaji, "pasi" zenye manufaa ya kweli katika ukanda huu ni Kadi ya Njano ya COMESA na dhamana ya kikanda ya forodha.

Pasi ya reli ni nini

Pasi ya reli ni tiketi ya muda. Mwenye nayo hulipa bei moja na kuruhusiwa kupanda treni katika eneo fulani kwa siku kadhaa. Zipo za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni ya siku mfululizo, mathalani siku saba kuanzia siku ya kwanza ya kutumika. Aina ya pili ni ya siku za kuchagua, mathalani siku nne zozote ndani ya mwezi mmoja. Tofauti hii ni muhimu kwa mfanyabiashara. Anayekaa siku tatu katika mji mmoja akikagua bidhaa hupoteza siku hizo tatu katika pasi ya mfululizo, lakini hazipotezi katika pasi ya siku za kuchagua.

Pasi inamfaa msafiri kwa sababu mojawapo kati ya tatu. Kwanza, nauli za siku ile ile ziwe ghali kuliko za kununua mapema, ili pasi imlinde na bei ya dakika ya mwisho. Pili, treni ziwe nyingi kiasi kwamba akikosa moja anapata nyingine baada ya muda mfupi. Tatu, mtandao wa njia uwe mpana, ili safari ya miji minne au mitano iwezekane bila kushuka na kutafuta basi. Pasipo sababu hizi, pasi inakuwa karatasi ghali.

Hali ya reli katika ukanda huu

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tawi la kwenda Uganda lilipita Malaba na Tororo, na treni zikafika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda, kwani kutoka hapo reli nyingine ilielekea kaskazini, ikafika Soroti mwaka 1929 na Pakwach mwaka 1964. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani, na kila nchi ikabaki na kipande chake.

Treni za abiria upande wa Uganda zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Huduma iliyorudi ni ya mjini tu, iliyoanza Desemba 2015 kati ya Kampala na Namanve kwa ajili ya wafanyakazi wanaokwenda na kurudi kila siku. Stesheni ya Tororo ni ya mizigo. Anayetoka Tororo kwenda Kampala au Nairobi hupanda basi, teksi au lori la rafiki.

Busia nayo haijawahi kuwa na reli ya kuvuka mpaka. Mji huu umeishi kwa barabara tangu awali. Ndiko ilikoanzia boda boda, baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine kabla neno hilo halijaenea Afrika Mashariki nzima. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 24, 2018, na hadi leo wasafiri wanaopita hapo wanapita kwa magurudumu.

Upande wa Kenya kuna huduma mbili zinazoweza kuingia katika mpango wa mfanyabiashara wa Busia. Ya kwanza ni treni ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Kisumu, iliyorejeshwa Desemba 2021 baada ya kusimama kwa miaka kadhaa. Iliporejeshwa ilipangwa kuwa ya mwisho wa juma, ikitoka Nairobi Ijumaa jioni na kuondoka Kisumu Jumapili jioni, kila moja ikisafiri usiku kucha. Ya pili ni treni ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na inayosafiri kila siku.

Kwa nini pasi isingefaa hapa hata kama ingekuwapo

Tuangalie zile sababu tatu. Nauli ya treni ya Nairobi na Mombasa ni ya bei moja. Anayenunua wiki mbili mapema na anayenunua siku moja kabla wanalipa sawa, mradi nafasi ipo. Kwa hiyo hakuna bei ya dakika ya mwisho ya kujikinga nayo. Hatari iliyopo ni ya nafasi kujaa, hasa Desemba, Pasaka na shule zinapofungwa, na pasi haiongezi viti.

Pili, treni ni chache. Kati ya Nairobi na Mombasa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja kwa siku. Ile ya Kisumu ni ya mwisho wa juma. Mtu hawezi kupanda na kushuka atakavyo pale ambapo treni inayofuata ni ya kesho au ya Jumapili ijayo.

Tatu, mtandao ni mstari mmoja. Kutoka Kisumu hadi Mombasa mfanyabiashara hupita Nakuru, Naivasha na Nairobi, basi. Safari nzima ya kwenda na kurudi ina vipande vitatu au vinne tu vya reli. Mahali ambapo vipande ni vichache na kila kimoja kina bei ndogo inayojulikana, kununua tiketi moja moja ndiko kunakomwachia mtu fedha mfukoni.

Hesabu ya safari: Masafu, Kisumu, Nairobi, Mombasa

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Masafu anayenunua nguo na viatu. Ana siku sita. Anataka kuonana na mteja Kisumu, kuangalia bei Gikomba na Eastleigh mjini Nairobi, kisha kufika Mombasa kukagua mzigo.

Kipande cha kwanza, Masafu hadi Kisumu, hakina treni. Ni boda boda au teksi hadi Busia, kuvuka mpaka, kisha matatu au basi kupitia Ugunja na Maseno.

Kipande cha pili, Kisumu hadi Nairobi, kina treni ikiwa safari imepangwa iangukie Jumapili jioni. Faida yake ni moja kubwa: usiku unapita njiani na gharama ya kulala gesti inaokolewa. Hasara yake ni muda. Treni ya reli ya zamani inachukua usiku mzima, ilhali basi la usiku linaondoka siku yoyote na hufika kabla ya alfajiri. Asiyeweza kuondoka Jumapili asiibadilishe biashara yake kwa ajili ya treni. Kusubiri siku mbili Kisumu ni kulipa chakula na malazi ya siku mbili, na hakuna tofauti ya nauli inayofidia hilo. Aidha, njia hii hupita sehemu zinazoathiriwa na mvua kubwa, hivyo ni vyema kuuliza stesheni kama treni ya juma hilo ipo kabla ya kutoka nyumbani.

Kipande cha tatu, Nairobi hadi Mombasa, ndicho chenye hesabu ya kuzingatia. Treni ilipoanza mwaka 2017 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700 za Kenya. Baadaye likawa 1,000, na kuanzia Januari 1, 2024 likapandishwa kuwa 1,500. Daraja la kwanza lilipanda siku hiyo hiyo kutoka 3,000 hadi 4,500. Kwa viwango hivyo vya 2024:

- Daraja la kawaida, kwenda na kurudi: 1,500 mara 2 ni 3,000.
- Daraja la kwanza, kwenda na kurudi: 4,500 mara 2 ni 9,000.
- Tofauti kati ya madaraja: 6,000.

Madaraja yote mawili yanafika kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara anayesafiri kwa mtaji wake mwenyewe ajiulize hiyo 6,000 ingenunua jozi ngapi za viatu.

Gharama zinazosahauliwa ni za pembeni. Stesheni kuu ya treni hii Nairobi ipo Syokimau, nje ya jiji, na ya Mombasa ipo Miritini. Mabasi kwa kawaida huanzia na kuishia karibu na masoko. Kwa hiyo hesabu sahihi ni hii:

Gharama ya treni = nauli + usafiri wa mjini hadi stesheni + usafiri wa stesheni hadi sokoni + malazi ikiwa treni inafika usiku.

Gharama ya basi = nauli + usafiri wa kituoni hadi sokoni, ukiondoa malazi ikiwa basi ni la usiku.

Nairobi kuna treni ya mjini inayounganisha stesheni ya kati na Syokimau, ambayo hupunguza gharama ya kipande hicho. Miritini hadi katikati ya Mombasa ni matatu au tuktuk. Ikiwa nauli ya basi siku hiyo ni karibu na ya treni, usafiri wa pembeni unaweza kuibadili hesabu yote.

Muda nao una bei. Treni ya kisasa hutumia takriban saa tano kati ya miji hiyo miwili na haikwami katika foleni za malori. Anayeondoka asubuhi anafika mchana akiwa na nusu ya siku ya kazi. Anayepanda treni ya mchana anafika usiku na lazima alale kabla ya kuanza kazi. Nauli zao ni sawa, lakini wa pili amelipa usiku mmoja zaidi.

Suala la mzigo

Hapa ndipo wachuuzi wengi hukosea. Treni ya abiria ni ya mtu na begi lake. Katika stesheni za reli ya kisasa mizigo hupitishwa kwenye mashine na kunuswa na mbwa, na abiria hutakiwa kufika mapema na kuonyesha kitambulisho kinacholingana na tiketi. Robota la mitumba si begi. Anayenunua marobota matatu Mombasa akidhani atarudi nayo kwa treni atajikuta langoni akitafuta lori kwa bei ya mtu aliyekwama.

Utaratibu unaofanya kazi ni kutenganisha mtu na bidhaa. Mtu aende kwa treni au basi akiwa mwepesi. Bidhaa zirudi kwa lori au kwa ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi inayofika Busia au Malaba, zikiwa na risiti za ununuzi. Mwenye bidhaa awahi kufika mpakani kabla ya mzigo wake ili asimamie forodha mwenyewe, au amwachie wakala wa forodha anayemwamini.

Nyaraka: kipi ni pasi na kipi si pasi

Wafanyabiashara wa mpakani tayari wanatumia vitu kadhaa vinavyofanya kazi kama pasi, ingawa haviitwi hivyo. Kuvifahamu kunaokoa fedha zaidi kuliko kupunguza nauli.

Kitambulisho cha taifa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kwa safari ya Masafu hadi Mombasa, hiki ndicho pasi ya bei nafuu kuliko zote. Anayekwenda Tanzania, Kongo au mbali zaidi anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Muhimu ni kuhakikisha safari imeandikwa na idara ya uhamiaji wakati wa kuingia. Njia za panya huonekana za haraka, lakini mtu asiye na kumbukumbu ya kuingia hana pa kusimamia akikamatwa Nakuru.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hiki kinatambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya mwenye nacho, badala ya miaka kumi ya zamani. Ni malipo ya mara moja kwa safari zote. Anayeuziwa chanjo ya pili kwa madai kwamba cheti chake "kimekwisha" aulize vizuri kabla ya kutoa fedha.

Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Hiki si pasi. Hutolewa mpakani kwa kila shehena, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na hupunguza ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo katika orodha. Mahindi, maharage, mayai na dagaa wa ziwani ni mifano ya bidhaa za eneo hili. Mitumba kutoka ng'ambo haiingii, hata ikinunuliwa Nairobi, kwa kuwa haikuzalishwa katika Jumuiya. Kila mzigo mpya unahitaji cheti kipya, na karatasi ya juma lililopita haivuki na mahindi ya leo.

Kwa wenye malori

Msafirishaji ana maamuzi mawili makubwa ya aina ya "safari moja au muda".

La kwanza ni bima. Kadi ya Njano ya COMESA imekuwapo tangu 1987. Ni nyongeza ya bima ya nyumbani inayotambuliwa katika nchi nyingine zilizomo katika mpango huo. Hufidia madhara kwa mtu wa tatu na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lenyewe. Haifidii uharibifu wa lori la mwenye kadi, na jambo hili huwashangaza wengi baada ya ajali. Tanzania imo katika mpango huu ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hii isichanganywe na kile cheti cha chanjo, ambacho nacho huitwa kadi ya njano.

Asiye na Kadi ya Njano hununua bima ya mtu wa tatu kila anapoingia nchi nyingine. Kipi kinafaa? Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, bima ya mpakani ni 3,000 kwa safari na kadi ya miezi mitatu ni 10,000. Gawanya 10,000 kwa 3,000, jibu ni 3.33. Maana yake safari tatu hazirudishi gharama, safari ya nne inarudisha. Lori linalokwenda mara mbili kwa mwezi litafanya safari sita, yaani 18,000 kwa bima za mpakani dhidi ya 10,000 kwa kadi. Lori linaloshinda gereji na kufanya safari mbili kwa miezi mitatu litatumia 6,000 mpakani, na kadi itakuwa imempotezea mwenyewe 4,000. Lori linalopita nchi tatu katika safari moja lihesabu kila mpaka, si kila safari. Hapo kadi hulipa mapema zaidi.

La pili ni dhamana ya mizigo ya kupita. Chini ya utaratibu wa dhamana ya kikanda ya forodha ya COMESA, wakala huweka dhamana moja inayotambuliwa katika nchi zote za njia, badala ya dhamana mpya kila mpaka. Faida yake haipo katika bei peke yake. Fedha zinazofungwa katika dhamana tatu haziwezi kununua mafuta wala matairi. Wenye malori wachache wamuulize wakala wao swali moja la wazi: dhamana ninayolipia inaishia mpaka upi, na inafutwa siku ngapi baada ya mzigo kufika?

Kuhusu kuhamishia mizigo kwenye reli, kipimo ni kile kile cha uhakika. Bandari kavu ya Naivasha ilifunguliwa mwishoni mwa 2019, na reli ya zamani kutoka Longonot hadi Malaba, takriban kilomita 465, ikakarabatiwa ili makontena yaendelee hadi mpakani. Reli hufaa mzigo mzito usio na haraka. Mwenye nyanya au samaki hana habari nayo. Historia nayo inafundisha kutotegemea njia moja: Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na mafuta yakaadimika Uganda. Januari 2022 ilikuwa zamu ya barabara, malori yalipopanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya lazima vya korona kwa madereva.

Anayekwenda ng'ambo

Kwa wafanyabiashara wa magari yaliyotumika wanaokwenda Japani, pasi ya reli ni uamuzi halisi. Hadi Septemba 2023 pasi ya taifa ya siku saba, daraja la kawaida, ilikuwa yeni 29,650. Tiketi ya treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilikuwa takriban yeni 14,000 kwa upande mmoja, yaani 28,000 kwenda na kurudi. Safari moja tu ya ziada ilitosha kuifanya pasi ilipe.

Oktoba 1, 2023 pasi hiyo ikapanda hadi yeni 50,000. Kwa nauli za wakati huo, mzunguko wa Tokyo, Nagoya, Osaka na kurudi Tokyo uligharimu takriban 31,500: karibu 11,000 hadi Nagoya, 6,500 hadi Osaka na 14,000 kurudi. Anayenunua tiketi moja moja anabakiwa na zaidi ya yeni 18,000. Ushauri wa zamani wa "nunua pasi kabla hujaondoka" ulikuwa wa kweli kwa miaka mingi, na ulikoma kuwa wa kweli kwa safari fupi siku ile bei ilipobadilika. Hilo ni onyo kwa kila anayefuata ushauri wa aliyesafiri miaka mitano iliyopita.

Ulaya hali ni tofauti. Nauli za treni za mwendo wa kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia, hivyo pasi humlinda asiyejua atamaliza lini kukagua mashine. Lakini Ufaransa, Italia na Hispania treni nyingi za kasi zinadai malipo ya kiti juu ya pasi, na malipo hayo yaingizwe kwenye hesabu. Anayejua tarehe zake miezi miwili kabla, mara nyingi hupata tiketi za mapema zilizo nafuu kuliko pasi. Uchina hakuna pasi ya kuzunguka nchi nzima. Kila tiketi hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti ya msafiri, na anayetoka Guangzhou kwenda Yiwu hulipa kwa safari.

Maswali matano kabla ya kulipia muda

1. Safari zenye uhakika ni ngapi? Zihesabiwe zile zenye mteja au mzigo unaojulikana, si zile za matumaini.
2. Safari moja inagharimu kiasi gani leo? Bei iulizwe kwa muuzaji mwenyewe, siyo kwa aliyesafiri mwaka jana.
3. Bei ya muda ikigawanywa kwa bei ya safari moja inatoa ngapi? Jibu likizidi idadi ya safari zenye uhakika, alipe kwa safari.
4. Kuna malipo gani juu ya pasi? Kiti, mzigo, usafiri wa pembeni na malazi yaongezwe.
5. Nikiugua, lori likiharibika au mpaka ukifungwa, fedha inarudi? Isiporudi, punguza safari moja katika hesabu ya swali la kwanza, kisha gawanya upya.

Mbele

Oktoba 14, 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki ya Yapı Merkezi kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa takriban euro bilioni 2.7. Treni za abiria zitakapopita Tororo kwa wingi, tiketi za mwezi zinaweza kuwa na maana kwa mchuuzi anayekwenda Kampala kila juma. Atakayeletewa pasi ya kwanza dirishani anazo tayari zana za kuipima: idadi ya safari, bei ya tiketi moja, na jibu la kugawanya. Hadi wakati huo, anayetoka Masafu abebe kitambulisho chake na alipe kila kipande kivyake. Mzigo ni kwa lori.